Uzushi wa Siku Tatu Zisizo na Maziwa

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, na hata katika baadhi ya wodi za wazazi, ipo ile isemayo kwamba mama aliyejifungua hukaa siku mbili au tatu bila maziwa, na kwamba mwanawe, asije akafa njaa, hana budi kunyweshwa maji ya glukosi au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa hadi maziwa ya mama yatakapotoka. Imani hii hutamkwa kwa huruma, aghalabu na watu wanaompenda mtoto kwa dhati. Lakini ni ya uongo, na madhara yake humwangukia kiumbe asiyeweza kujitetea.

Maziwa yapo tangu mwanzo. Matiti huanza kuyatengeneza mimba ingali tumboni, na yale ya siku za kwanza huitwa dang'a, yaani maziwa mazito, mara nyingi ya rangi ya manjano, yatokayo kidogo kidogo. Uchache huo ndio unaowatisha watazamaji, ilhali katika saa 24 za kwanza mtoto aliyetimiza miezi yake hunyonya takriban mililita 2 hadi 10 tu kwa kila mnyonyo, kiasi kisichozidi vijiko viwili vya chai. Ndani ya kiasi hicho mna kingamwili, yaani protini zinazopambana na vimelea, hasa aina ya IgA, ambayo hutanda juu ya ukuta wa utumbo na kuzuia vijidudu visijishikize hapo. Mna chembe nyeupe hai za damu na vitamini A kwa wingi. Dang'a pia hulainisha choo, hivyo humsaidia mtoto kutoa kinyesi chake cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, na pamoja nacho bilirubini, ambayo ikirundikana mwilini husababisha umanjano. Maji ya glukosi hayana kinga yoyote.

Kuongezeka kwa maziwa siku ya pili au ya tatu kuna sababu inayojulikana. Kondo la nyuma likishatoka, projesteroni, homoni iliyokuwa ikiyazuia maziwa kuwa mengi, hushuka, na prolaktini, homoni inayoyachochea matiti kutengeneza maziwa, hupata nafasi ya kufanya kazi. Uji wa pilipili manga na mtori ni chakula chema cha kumrudishia mzazi nguvu, lakini kinachoyaendesha matiti hasa ni kunyonywa, kwani kila mnyonyo huongeza prolaktini, na titi lililoachwa limejaa hupunguza uzalishaji. Hapo ndipo ubaya wa glukosi unapodhihirika: mtoto aliyeshibishwa maji hulala, matiti hukosa kichocheo, maziwa huchelewa, na kuchelewa huko hugeuzwa kuwa ushahidi kwamba mama hana kitu, naye hubeba lawama ya tatizo alilotengenezewa na wengine.

Gharama yake si ndogo. Utafiti uliofanyika Ghana na kuchapishwa mwaka 2006, uliofuatilia watoto zaidi ya 10,000, ulikadiria kwamba asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga ingeweza kuzuilika kama watoto wote wangeanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza, muda ambao Shirika la Afya Duniani nalo linaupendekeza.

Ni kweli kwamba wapo watoto njiti, watoto wa akina mama wenye kisukari ambao sukari yao ya damu huweza kushuka, na akina mama waliopoteza damu nyingi au kubakiwa na kipande cha kondo. Hao huamuliwa na daktari, kama vile mtoto mlegevu au asiyekojoa anavyopaswa kuwahishwa kwake. Lakini hata kwa wengi wa hao, hatua ya kwanza ni kukamua dang'a kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kijiko au kikombe. Kosa la imani hii ni kuchukua tiba ya wachache na kuwapa wote bila kipimo wala agizo. Na wodi inayomtenga mtoto mzima na mama mzima kwa saa kadhaa baada ya upasuaji, kisha ikamtuma baba dukani kununua glukosi, inapaswa kuulizwa kwa nini mtoto huyo hakuwekwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mara tu mama alipoweza kumpokea.