Sheli ya kompyuta: anayeanza aanze na daftari la duka lake

Kwa dereva wa lori anayetoka Rusumo, sheli ni kituo cha mafuta. Kwa fundi wa kompyuta ni kitu kingine kabisa: ni programu ya ile skrini nyeusi ambayo mtu huiandikia amri na mashine ikatii. Amri kadhaa zikiwekwa katika faili moja ili zitekelezwe kwa mpigo, hiyo ndiyo skripti. Mfanyabiashara wa Muhima anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, ila njia anayoelekezwa kujifunza ndiyo mbovu.

Mchukulie muuza vitenge wa Muhima, jirani na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Hununua mzigo Kampala kwa shilingi za Uganda, huuza kwa faranga za Rwanda, na mteja wa Goma humlipa kwa dola. Kila jioni huandika mauzo katika faili ya siku hiyo. Mwezi ukiisha ana faili 30, na usiku mzima unakwisha akizifungua moja moja kutafuta nani alinunua nini. Au hulipa kijana amfanyie. Kompyuta ikiharibika, daftari lote limekwenda, na madeni ya wateja yamekwenda nalo.

Kazi za namna hiyo ndizo sheli huzimaliza haraka. Tuseme faili zote zinaanza na neno mauzo na kila mstari una bidhaa moja iliyouzwa. Mstari huu mmoja unatosha:

grep -h Goma mauzo-*.txt | wc -l

Amri ya kwanza huchuja mistari yote yenye neno Goma, kile kijiti cha kati hupitisha matokeo mbele, na amri ya mwisho huyahesabu. Mstari wa pili unaweza kunakili folda nzima kwenye flashi kila jioni. (Nakala iliyobaki ndani ya kompyuta ileile si akiba.) Mwenye faili moja tu kwa mwezi hana haja ya haya, Excel inamtosha, na asidanganywe na mtu yeyote.

Anayetaka kujifunza akiuliza aanzie wapi, hutupiwa rundo la viungo. Ukweli ni kwamba vifaa vizuri ni vichache na havina bei. Kitabu cha William Shotts, The Linux Command Line, hupakuliwa bure kwa idhini ya mwandishi mwenyewe, na sura zake za mwanzo hazimtaki msomaji awe anajua chochote. ShellCheck husoma skripti na kuonyesha mstari wenye kosa na sababu yake. Kitabu maarufu cha Mendel Cooper, Advanced Bash-Scripting Guide, kinataja wataalamu tangu kwenye jina, lakini wanaoanza bado huelekezwa huko na wengi huishia njiani. Mwenye Windows 10 au 11 anaweza kuweka Linux ndani yake bila kufuta kitu. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Termux. Kwa hiyo hata anayesubiri basi anaweza kufanya zoezi.

Kinachokosekana ni maelezo kwa lugha ya soko. Amri zenyewe, cp, ls, wc, si Kiingereza cha mtu yeyote. Ni vifupisho ambavyo hata Mwingereza huvikariri. Ugumu uko kwenye maelezo. Wafanyabiashara wengi wa Muhima walisoma kwa Kifaransa, kwa kuwa Rwanda iliamua kuhamia Kiingereza shuleni mwaka 2008 tu, na wateja wao wa Kongo wako hivyohivyo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Rwanda ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakafanya vivyo hivyo mwaka 2021. Urasmi huo bado haujafika kwenye kibodi.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na istilahi zikapatikana. Tafsiri peke yake, hata hivyo, haitoshi. Somo linalofaa soko lingeanza na orodha ya mzigo, faranga na shilingi, na bidhaa zisizozidi dola 2,000 zinazopita mpakani kwa cheti rahisi cha uasilia. Tena lingeonya mapema kuhusu rm, amri inayofuta faili bila kuipitisha kwenye pipa la taka, na kuhusu hatari ya kunakili skripti ya mtu usiyemjua na kuiendesha penye hesabu za duka. Masomo mengi huchelewesha onyo hilo.

Kurasa 20 zingetosha kwa kuanzia. Vyuo vikuu vya Rwanda na Dar es Salaam vina wahadhiri wanaoweza kuziandika, na vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina watu wa kuzijaribu dukani kabla hazijachapwa.