Fila hainyooshi mlango

Makala moja imewashauri wenye magari ya zamani wajaze fila pale mianya ya milango isipolingana, kisha wapige rangi. Mafundi wetu wa Gakoromone, hapa Meru, wasiufuate ushauri huo, hasa kwa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975.

Saluni ya 504 haina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Mwanya ukibana juu na kupanuka chini, kagua kwanza chuma cha chini ya mlango. Kikiliwa na kutu, bodi hulegea katikati, na hapo fila itaficha ugonjwa tu.

Fundi anayejua kazi huanza nyuma, kwa sababu madigadi ya nyuma yamechomelewa, hayasogei. Huulinganisha mlango wa nyuma na digadi hilo, ndipo aje mlango wa mbele, halafu digadi la mbele lililofungwa kwa bolti, boneti mwisho. Hulegeza bawaba, huweka washa nyembamba, hufunga mlango, hupitisha kijiti cha milimita 5 toka juu hadi chini. Kikikwama, anafungua tena. Gari liwe limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya mawe, na mpira wa mlango uwe umeshawekwa, maana huusukuma mlango nje.

Fila nene ukingoni hupasuka mlango ukibamizwa, na mvua ya Meru hupenya papo hapo hadi kwenye chuma. Mwandishi wa makala hiyo anasema mteja hataki kulipia siku za ziada. Basi mteja aelezwe mapema gharama ya kupiga rangi mara ya pili.