Taa ya motere ikiwaka, tupime kwanza kabla ya kumshitaki shofere



Juma hili tunazungumza juu ya taa moja ndogo ya manjano, yenye picha ya motere, inayowaka kwenye tablo ya motokari. Wengi wetu hatuendeshi, lakini sisi ndio tunaolipa. Motokari ya kikundi inaleta maharagwe, mihogo na mafuta ya mawese sokoni, na feza ya esansi inatoka katika kasha lile lile linalosaidia mama kupata mkopo na mtoto kulipiwa minervali. Lita ikipotea, kuna mama anayekosa.

Esansi ikianza kuisha haraka, mtu wa kwanza kushitakiwa ni shofere. Watu wanasema anaiuzia wale kadhafi wa kando ya barabara. Pengine ni kweli, pengine ni uongo. Kwetu neno hilo lilifika mpaka mbele ya komite, na mzee wa watu alikuwa karibu kupoteza kazi na heshima yake. Tukapatana kupima kwanza.

Kipimo hiki kinahitaji kaye na kalamu tu. Jazeni tanki mpaka juu, muandike namba ya kilometa. Motokari itembee kama kawaida, kisha mjaze tena mpaka juu, muandike lita zilizoingia. Gawanyeni lita kwa kilometa zilizotembewa, mzidishe kwa 100. Kwetu ziliingia lita 30 kwa kilometa 300, ndiyo kusema lita 10 kwa kila kilometa 100. Kaye ya mwaka uliopita ilionyesha lita 8. Halafu mama wa hazina akapanda motokari siku nzima, tanki ikajazwa mbele yake asubuhi na jioni. Hesabu ikabaki ile ile, 10. Chini ya motokari hapakuwa na tone wala harufu ya esansi. Basi shofere hakuwa mwizi. Esansi ilikuwa inapotelea ndani ya motere.

Sasa ile taa. Motokari ya kisasa ina kompyuta inayopima esansi ya kuchanganya na hewa: kwa uzito, karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya esansi. Ili ijue kama imepima vizuri, kuna sonda ya oksijeni kwenye bomba la moshi, inayoonja moshi na kuleta habari. Sonda hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi, kwa hiyo ndani yake mna kijiko cha umeme cha kuipasha moto. Sonda ikiharibika, kompyuta inapika bila kuonja. Mara nyingi inazidisha esansi, bujii zinapata masizi meusi, na moshi unanuka. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kutengeneza kosa kubwa kama la sonda hiyo kunaweza kuboresha mwendo kwa esansi ile ile hata kufikia asilimia 40.

Taa ikiwaka bila kupepesa, motokari inaweza kufika nyumbani, lakini ipelekwe kwa fundi upesi. Ikiwaka na kuzimika-zimika huku motere inatetemeka, shofere apunguze mwendo na asimame pahali salama. Hapo esansi isiyoungua inaingia katika katalizeri, inaipasha moto kupita kiasi na kuiharibu, na kipande hicho ni cha bei kali.

Kwa fundi, tuombe kwanza skaneri. Chini ya tablo, karibu na usukani, kuna tundu lenye nafasi 16 za pini. Katika Ulaya motokari mpya za esansi zinalazimishwa kuwa na mfumo huo tangu 2001. Skaneri inatoa herufi na namba. Yetu ilitoa P0135, yaani kosa katika njia ya umeme inayopasha moto sonda ya mbele. Garaji moja ilitaka kubadili bujii, filtri na sonda vyote kwa siku moja. Fundi mwingine alipima fyuzi, akapima waya, mwishoni akapima sonda yenyewe na kukuta kijiko chake kimekatika. Tulinunua sonda moja tu. Juma lililofuata kaye ilirudi kwenye lita 8.

Wamama, namba ya skaneri haitoi hukumu, inaonyesha mtaa wa kutafuta tu. P0171, kwa mfano, inasema hewa imezidi esansi. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, kipima hewa kilichojaa vumbi, au pampu ya esansi iliyochoka. Na makosa mengine yanakula esansi bila kuwasha taa hata kidogo: pine zenye upepo mdogo, breki zinazobana, mzigo mwingi juu ya paa, motere kuachwa ikinguruma wakati wa kupakia. Termostati iliyokwama wazi nayo inafanya motere isipate moto, na esansi inazidi.

Basi tushike maulizo haya mbele ya fundi. Skaneri imetoa namba gani? Tuiandike. Umepima nini kabla ya kusema kipande kimekufa? Kipande cha zamani kiko wapi? Na tusikubali kuzimiwa taa kwa kutoa batri tu, maana kosa likibaki, taa itarudi.

Kikundi kinachotaka kununua motokari ya okazyo kigeuze ufunguo bila kuwasha motere. Taa ile inapaswa kuwaka, kisha izimike motere ikishaanguruma. Isipowaka kabisa, pengine mtu ameitoa ili kuficha ugonjwa.

Tangu siku ile kaye ya esansi inakaa ndani ya motokari. Kila tanki ikijazwa, shofere anatia sahihi na mama wa hazina anatia sahihi. Inamlinda shofere, inalinda na kasha letu. Vikundi vyenye motokari, anzeni yenu juma hili.