UKURASA WA AFYA NA FAMILIA: Mbona wanampandisha mgonjwa ngazi?

Mwezi huu nilipanga kuandika juu ya malaria, lakini kijana mmoja jirani yetu alikuja darasani kwangu amekasirika. Baba yake alipewa rufaa, na kule hospitali kubwa wakamkuta na kansa ya pafu. Walisema inaweza kukatwa kwa sababu haijasambaa. Halafu, badala ya kumpasua, wakampulizisha mashine, na sasa wanataka apande ngazi! "Mwalimu, si wanatafuta njia ya kumkataa kwa vile sisi ni wakimbizi?"

Nikachukua chaki. Pafu la kulia lina vipande vikubwa 3, la kushoto 2. Ndani yake madaktari huhesabu visehemu 19: kulia 10, kushoto 9. Kilichokatwa hakioti tena. Kwa hiyo hawaulizi tu kama mzee ataamka kutoka nusu kaputi. Wanauliza kama ataweza kupumua na kutembea kwa kile kitakachobaki.

Tuseme pumzi anayotoa katika sekunde ya kwanza ni asilimia 70 ya ile inayotegemewa kwa mtu wa umri na urefu wake. Wakitoa kipande cha juu cha kulia, chenye visehemu 3, vinabaki 16. Basi 70 mara 16, gawanya kwa 19, ni karibu 59. Wakitoa pafu lote la kulia, inabaki 33 tu. Mzee ni yule yule!

Wanapima pia jinsi hewa inavyopita toka pafuni kuingia kwenye damu, na hali ya moyo. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2013 unasema hesabu zote mbili za pafu zikizidi 60, hatari ni ndogo. Ikiwa moja iko kati ya 30 na 60, apande ngazi mpaka kimo cha mita 22, au atembee mita 400 akiongeza mwendo. Akishindwa, au hesabu ikiwa chini ya 30, anapimwa kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Matokeo yakiwa mabaya wanaweza kukata sehemu ndogo zaidi, au kutumia mionzi.

Pafu moja zima linaweza kutosha. Mwaka 1933, mjini St. Louis, Evarts Graham alimtoa daktari mwenzake, James Gilmore, pafu lote la kushoto. Gilmore aliishi karibu miaka 30 baadaye. Graham mwenyewe alikufa kwa kansa ya pafu mwaka 1957.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akanong'ona. Kule hospitali yeye ndiye alikuwa mkalimani. Walipouliza kama mzee anavuta sigara, akajibu hapana, ati wasimkatae. Jamani! Hapo nilikasirika mimi. Mvutaji anayekatwa pafu bila daktari kujua anaweza kuziba makohozi, kupata nimonia, na kushindwa kupumua baada ya operesheni. Angesema ukweli, wangemwachisha mapema na kumpa mazoezi ya pumzi.

Tukakubaliana aseme yote siku ya kurudi. Sasa mzee anatembea kila asubuhi mpaka bombani na kurudi, fimbo mkononi. Jumatatu alipita shuleni akasema ameacha sigara. Nilimsogelea nikanusa. Kweli, ameacha.