Ningu wakirudishwa Mto Mara, nani atawahesabu?

Kwa wazee wangu, wavuvi na akina mama wa mialo ya Musoma na Kirumi,

Nawaandikia kutoka Omaha, jimbo la Nebraska. Mjomba amenieleza kwenye simu kwamba mwaloni kuna maneno ya kupandikiza vifaranga vya samaki ningu Mto Mara, na kwamba wengi mmefurahi. Nami nimefurahi, ila nina swali, na swali lenyewe nimelipata huku.

Kando ya mji huu unapita Mto Missouri. Humo anaishi samaki wa kale, stajeni aliyepauka: pua bapa, ndevu nne, hana magamba bali safu za mifupa mwilini. Mwaka 1990 Marekani ilimtangaza kuwa hatarini kutoweka, baada ya mabwawa makubwa kama Fort Peck na Garrison kuukatakata mto. Tangu miaka hiyo ya 1990 huachiwa mtoni stajeni wachanga waliototoleshwa kwenye vituo vya kuzalishia samaki. Siku ya kuachia haikosi picha na makofi. Kazi huanza picha zikishasahaulika.

Majira ya kuchipua, maji yangali baridi ya kukata vidole, maofisa wa samaki na watu wa kujitolea hutega kamba ndefu za ndoano, kama mnavyotegea sangara, ila chambo ni minyoo badala ya furu. Nimekwenda nao. Stajeni akipatikana hulazwa kwenye beseni la maji, hupimwa urefu na uzito, kisha hupitishiwa kifaa cha kusomea. Aliyetoka kituoni ana chipu mwilini, ndogo kama punje ya mchele, isiyo na betri. Kifaa kikilia, namba hutokea, na kwa namba hiyo hujulikana alitotoleshwa mwaka gani, aliachiwa wapi, amewahi kunaswa lini. Kikinyamaza, hukatwa kipande kidogo cha pezi kikapimwe vinasaba, maana chipu huweza kupotea, na vinasaba vya wazazi wa vituoni vimehifadhiwa. Hapo ndipo huamuliwa kama huyu aliachiwa au amezaliwa mtoni. Kwangu mimi, kazi yote iko hapo. Mto unaweza kujaa samaki walioletwa na lori na usizae hata mmoja.

Kwenye sehemu ya juu ya Missouri ilitokea karibu hivyo. Walioachiwa waliishi na kukua, lakini watoto wao hawakuonekana. Tena jike wa huko huweza kupitisha miaka 15 kabla ya kupevuka. Mradi wa miaka mitatu ungefungwa kwa sherehe bila kuona lolote. Sababu ilitafutwa: kitoto kikianguliwa huchukuliwa na maji siku nyingi, mamia ya kilomita, kabla hakijaweza kujitegemea. Siku hizi mkondo hukifikisha kwenye tope la mwanzo wa bwawa, ambako oksijeni karibu hakuna, kikafa. Utafiti huo ulichapishwa 2015. Mwaka 2022, kwenye Mto Yellowstone, ukafunguliwa mfereji wa kukwepa kizuizi cha Intake ili samaki wapande juu zaidi kutaga.

Sasa ningu. Wazee mnajua alivyokuwa akipanda mto na mayai wakati wa mvua, nyavu zikimngoja mlangoni. Leo shirika la uhifadhi la IUCN linamhesabu kati ya walio hatarini kabisa. Watafiti wa Uganda walishafanikiwa kumzalisha kwa homoni, kwa hiyo vifaranga vinaweza kupatikana. Nyavu zikibaki palepale, vifaranga hivyo tutavilea kwa ajili ya nyavu. Na ziwa letu la Viktoria lina historia: sangara alipandikizwa miaka ya 1950, watu wakaja kushtuka miaka ya 1980, furu wakiwa wanakwisha.

Wataalamu wakija, kabla ya ndoo kumwagwa, waulizeni vifaranga vimetiwa alama gani, walau pezi lililokatwa. Waulizeni daftari litakaa kwa nani na nani atalisoma fedha za mradi zikiisha. Mimi ningependa likae kwa katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kwa sababu ninyi mko majini kila usiku na mtaalamu hayupo. Ningu mdogo asiye na alama akinaswa baada ya mvua, mpimeni, andikeni tarehe na mahali, mrudisheni akiwa hai. Ningu hakawii kupevuka kama stajeni, hivyo hamtangoja miaka 15. Rula, mizani na daftari nitavigharimia mimi. Mjomba anijulishe bei za Musoma.

Wenu,
Mtoto wa Kirumi, Omaha