Klachi Ikiungua, Aulizwe Aliyepakia



Madereva wa magari ya safari za porini huja kwa chama na karatasi za mshahara zilizokatwa, na ukiuliza sababu, jibu ni neno moja tu: klachi. Gari limerudi likivutwa kwa kamba, makanika ameshusha giaboksi, ameiona pleti imekuwa nyeusi kama mkaa, na karani ameandika, "Dereva hakulitunza gari." Basi, kesi imekwisha. Hapana mtu aliyeuliza gari lile lilikuwa limebeba nini.

Hebu tuulize sisi. Chukueni safari ya kutoka Marsabit kushuka Maikona na Kalacha hadi North Horr, kwenye mchanga wa Chalbi. Pikapu ya Land Cruiser imewekwa mapipa manne ya maji, kila pipa lita 200. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo pana kilo 800, na mapipa yenyewe bado hatujayahesabu. Juu yake magunia ya posho, magurudumu mawili ya akiba, tanboi, askari, na njiani mama mgonjwa anayetaka kufika zahanati, ambaye hapana dereva mwenye utu atakayemwacha juani. Tena tajiri ameweka tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, ili gari lisizame. Tairi kubwa ni sawa na kuipandisha gea: injini hupata taabu zaidi kuliondoa gari, na taabu hiyo yote hupitia kwenye klachi.

Klachi haina meno. Ni sahani iliyobanwa katikati ya flaiwili na presha pleti, nayo hupitisha nguvu ya injini kwa kushikana tu. Uwezo wake hutokana na upana wa sahani, gamba lake la kushikia, na jinsi springi zinavyobana. Mzigo ukipita uwezo huo, sahani huteleza, huku injini ikilia na gari haliendi. Kuteleza huleta moto, na moto humaliza gamba. Mkimweka hapo dereva mwema kuliko wote katika Kenya, mambo yatakuwa yale yale, labda atachelewa kidogo.

Sisemi kwamba madereva hatuna makosa. Yuko anayepumzisha mguu juu ya pedali tangu asubuhi hadi jioni. Yuko anayelizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Na wengi huona haya kuingiza gea ndogo ya foo-wili, ingawa iliwekwa kwa ajili ya kazi hii hasa, ya kuondoa mzigo mzito mchangani. Mimi mwenyewe niliunguza moja kwa ujinga wa namna hiyo, na sikumlaumu mtu. Lakini gari lile lile likiunguza klachi mikononi mwa dereva wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, kosa si la miguu tena.

Dawa inajulikana, wala si mpya. Land Rover za petroli za Series 2A, zilizoanza mwaka 1961, zilikuwa na klachi ya inchi 9. Series 3 ilipotoka mwaka 1971 ilikuja na klachi ya inchi 9 na nusu. Nusu inchi yaonekana ndogo, lakini pigeni hesabu ya duara: uso wa sahani umeongezeka zaidi ya sehemu moja katika kumi. Kiwanda kiliongeza klachi, na hapana aliyewakata mshahara madereva wa Uingereza.

Kwa hiyo yatupasa kudai klachi nzito kwa kila gari lipakiwalo namna hii, nayo ifungwe kama ifaavyo. Sahani, presha pleti na beringi vibadilishwe pamoja. Flaiwili ikerezwe ikiwa imeungua. Na sili ya mafuta nyuma ya injini itazamwe, maana mafuta yakivuja juu ya sahani mpya, fedha zimepotea. Tena klachi isiwe ya springi ngumu tu. Pedali ya namna hiyo huuvunja mguu wa dereva kabla ya saa sita mchana, nasi hatukuomba kubadilishana gamba la sahani na goti la mtu.

Wako ndugu wanaopinga. Wanasema, mpe tajiri klachi yenye nguvu naye ataongeza pipa la tano. Ni kweli, ataongeza! Na hapo kitakachovunjika ni ekseli au giaboksi, na jina la dereva litaandikwa tena. Ndiyo sababu dai la klachi lisiende peke yake. Liende pamoja na karatasi ya mzigo, iandikwe kilo ngapi zimepakiwa na uzito ambao kiwanda kimeruhusu, na itiwe sahihi na yule aliyeamuru kupakia, si yule aliyeshika usukani. Kwa anayelala siku mbili Chalbi chini ya gari bovu, jambo hili si la fedha tu.

Na juu ya kukatwa mshahara, sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa ambalo mfanyakazi amelifanya kwa kusudi. Kwa kusudi, ndugu! Kutii amri ya kubeba kilo 800 za maji si kusudi la kuharibu.

Basi karani akikuletea karatasi ya kukubali kosa, usiitie sahihi kabla ya kuandika juu yake mzigo uliokuwa nao, na mahali klachi ilipokufa. Leta nakala kwa katibu wa tawi. Na ile pleti ya zamani usikubali itupwe kwenye vyuma chakavu siku ile ile. Omba iwekwe, ili fundi wa upande wetu aitazame kama imekufa kwa moto au kwa mafuta.