Msiseme Bahati

Juzi nimekufa kwa njaa. Nilikuwa ngazi ya saba chini ya ardhi, nina upanga mzuri na dawa tatu nilizokuwa nazitunza kwa ajili ya siku mbaya. Siku mbaya ikafika, na dawa haishibishi. Simu ikaandika bila huruma wala matusi: amekufa kwa njaa, ngazi ya 7. Kisha ikanipeleka kwenye orodha ya vifo vyangu vingine, kila kimoja na sababu yake.

Mchezo unaitwa Pixel Dungeon. Ulitoka mwaka 2012, ni wa bure, hauhitaji bando, na nimeucheza sana kwenye basi kati ya Kahama na Geita. Ukifika ngazi za katikati unaingia mapangoni, na humo utamkuta mhunzi ambaye huweza kukukabidhi sururu na kukutuma umchimbie dhahabu. Mtu wa huku kwetu akifika hapo lazima acheke.

Najua yupo msomaji ameshaanza kuguna: tunajadili vitabu, huyu analeta michezo ya watoto. Avumilie kidogo. Ninachotaka kusema ni hiki: mchezo huu wa simu unawaheshimu wafu wake wa kubuni kuliko fasihi yetu inavyowaheshimu wafu wa kweli wa machimboni. Na ubaya wote unaanzia kwenye neno moja tunalolipenda mno, bahati.

Tuanze na mchezo. Ukoo wake ni mrefu. Babu yao ni Rogue, uliotungwa na wanafunzi wa chuo kikuu huko California na kutoka mwaka 1980. NetHack ukafuata mwaka 1987, na wajukuu hadi leo hawahesabiki. Sheria za ukoo ni mbili. Kwanza, shimo hupangwa upya kila unapoanza, kwa hiyo kukariri njia hakusaidii. Pili, ukifa umekufa. Huwezi kurudi pale ulipohifadhi jana. Unaanza moja, mikono mitupu.

Mgeni akicheza siku mbili atakwambia: mchezo huu ni bahati tu. Shimo limepangwa ovyo, zimwi limetokea ovyo, nifanyeje? Lakini wapo watu wanaoumaliza mchezo huohuo mara kadhaa mfululizo, kila mara shimo jipya. Kama ni bahati, mbona inawajua watu walewale? Wao wamesoma vifo vyao. Mmoja alikufa kwa sababu alipigana mahali pa wazi akazingirwa. Sasa anapigana mlangoni. Mwingine alizunguka sana ngazi za juu akitafuta kila kona huku chakula kinaisha. Huyo wa pili ni mimi.

Sasa twende kwenye mashimo ya kweli.

Asiyewahi kusimama kwenye mdomo wa duara aelewe kwamba duara si pango. Ni shimo jembamba linaloshuka wima, wakati mwingine makumi ya mita, kisha linageuka kufuata mwamba wenye dhahabu. Watu wanashuka kwa kamba, na mawe yanapanda kwa kamba hiyohiyo yakiwa kwenye mifuko. Kuta zinashikiliwa na matimba, yaani magogo yanayopangwa ili udongo usishuke. Juu kuna mwenye duara, mwenye leseni, mwenye karasha, mama ntilie, wanunuzi. Chini kuna vijana. Kuanzia Kahama hadi Nyarugusu na mbele zaidi, maisha ya watu wengi yanategemea magogo hayo.

Tarehe 5 Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangarata, wilayani Kahama, uliporomoka ukawafungia watu chini. Tarehe 15 Novemba watano walitolewa wakiwa hai. Siku 41. Mwenzao mmoja alifia humohumo. Walikula mizizi, vyura na mende, wakanywa maji yaliyokuwa yanapenya kwenye udongo. Waliingia Kikwete akiwa Rais. Juu yao nchi ikapiga kura tarehe 25 Oktoba, na walipotoka Rais alikuwa Magufuli. Watu walishawahesabu kuwa marehemu.

Tukasema nini? Muujiza. Bahati. Mungu mkubwa. Mimi si mpinga Mungu, na ningekuwa mama wa mmoja wao ningepiga magoti kwanza. Ila ukishasema muujiza, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza tena. Nani aliamua mende analiwa, na waliokataa walishawishiwaje? Maji waliyagawaje? Gizani walijuaje usiku na mchana, au waliacha kuhesabu? Walikaa pamoja au walitawanyika? Mtu mwenye njaa ya wiki ya nne anazungumza nini na mwenzake? Watu watano hawakai hai siku 41 bila maamuzi. Ukiyaita bahati, umewanyang'anya kazi yao ngumu kuliko zote walizowahi kufanya chini ya ardhi.

Linganisha. Mwaka 2010 wachimbaji 33 walinasa kwenye mgodi wa San José, Chile, wakatoka wote baada ya siku 69. Mwandishi Héctor Tobar alikaa nao, akawasikiliza, na mwaka 2014 akatoa kitabu kizima, Deep Down Dark. Kupitia kitabu kile, mtu aliyeko Kahama anaweza kujua jinsi watu wa Chile walivyogawana makopo ya samaki. Filamu yao, The 33, ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 13 Novemba 2015. Angalieni tarehe hiyo vizuri. Watu wetu watano walikuwa bado chini, zimebaki siku mbili. Kitabu chao kwa Kiswahili mimi sijakiona. Riwaya sijaiona. Tamthilia sijaiona. Jamani, watu wa fasihi, tulikuwa wapi?

Hapa kuna pingamizi, na ni la haki. Mtu ataniambia: usifananishe mchezo na msiba. Kwenye simu ukifa unaanza tena. Kijana wa Nyangarata hakuanza tena. Kweli kabisa. Na hapo ndipo wapenzi wengi wa michezo hii hunichosha, wanaposema eti ugumu wake unafundisha maisha. Haufundishi maisha. Kwenye simu anayekufa na anayejifunza ni mtu mmoja. Kwenye duara anayekufa hajifunzi chochote. Somo lote linabaki kwa sisi tuliobaki juu, na tusipoliandika linafukiwa naye.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Shimo la kwenye simu lilitungwa na mtu aliyehakikisha linaweza kushindwa, kwa hiyo nikifa ninaweza kujilaumu. Duara halina ahadi hiyo. Sababu ya kifo inaweza kuwa chini, kwa kijana aliyechimba nguzo ya mwamba iliyokuwa inashikilia dari. Lakini inaweza pia kuwa juu kabisa, kwa mtu aliyeona bei ya magogo ni kubwa, au aliyeambiwa ukuta umepasuka akajibu, malizieni mifuko miwili kwanza. Kuandika sababu si kumlaumu marehemu. Mara nyingi ndiyo njia pekee ya kuacha kumlaumu.

Na bahati si neno lisilo na madhara. Penye bahati pana soko la bahati. Mchimbaji akiambiwa kila siku kwamba dhahabu inampata mwenye nyota, atatafuta wa kumsafishia nyota. Kanda hii ya Ziwa tunajua soko hilo lilitufikisha wapi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 watu wenye ualbino walikatwakatwa, viungo vyao vikauzwa kama dawa ya utajiri, na wachimbaji walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuwa wateja. Sisemi kila anayesema "jamaa ana bahati" ana damu mikononi. Nasema lugha inayokataa kutaja sababu humwachia mganga nafasi ya kuitaja yeye.

Januari 2024, mgodi wa Ng'alita, Bariadi, watu 22 walifariki baada ya kufukiwa na kifusi. Namba hiyo niliisikia redioni zaidi ya mara kumi. Baadaye ikaelezwa kwamba mvua kubwa zilikuwa zimenyesha na eneo lilikuwa limezuiwa kuchimbwa. Taarifa ya habari inaishia hapo, na nadhani ni haki yake kuishia hapo. Hadithi ilitakiwa ianzie hapo. Watu 22 wazima, wanaojua mvua hufanya nini kwenye udongo, waliingia. Kwa nini? Deni la nani? Nani aliingia wa kwanza wengine wakaona pako salama? Hilo swali haliulizwi na mkaguzi wa migodi. Ni letu.

Nisiwahukumu wengine nikajiacha. Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi kuhusu kijana wa machimboni. Niliipenda sana. Duara nililigeuza kuwa tumbo la dunia, dhahabu nikaigeuza kuwa jicho la shetani, na mwisho kijana akafukiwa kwa sababu ya tamaa. Waliosoma walinisifu. Nikampa ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, ambaye ameshuka maduarani tangu hajaota ndevu. Akasoma yote kwa utaratibu, kisha akaniuliza:

"Kaka, huyu kijana wako kafa na nini?"

"Si umesoma? Tamaa."

"Tamaa haiangushi mwamba. Matimba yalikuwa wapi?"

Nikamwambia hiyo ni fasihi, si ripoti. Akacheka, akanirudishia karatasi. "Basi umemuua wewe," akasema.

Sikulala vizuri siku ile. Alikuwa sahihi, na nilijua. Mimi nilihitaji maiti ili hadithi yangu iwe na uzito, nikamsukumia kijana wa watu kifusi bila hata kuuliza udongo ulikuwa wa aina gani. Mchezo wa bure wa simu usingenifanyia hivyo. Ungeandika: kafa kwa kuporomokewa, mita kadhaa chini, duara halikuwa na matimba.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika, hasa wa huku Shinyanga na Geita, ni dogo na lina kazi. Tuache kulitumia duara kama sitiari mpaka tujue linavyochimbwa. Nendeni mwaloni mkakae na wazee wanaoosha marudio. Wengi wao ndio wanaokumbuka nani alifia wapi, na kwa nini. Waulizeni waliotoka wazima walifanya nini, saa kwa saa. Wakisema "ni Mungu tu," itikieni amina, halafu mwulize tena. Andikeni mpaka msomaji aliye mbali aweze kusema: hapa, kama mtu mmoja angefanya hivi, wangetoka. Hadithi ya namna hiyo haitapoteza uzuri wake. Itapata uzuri ambao zetu nyingi hazina, wa kuaminika na mtu aliyekuwepo.

Mimi nimeanza kuiandika upya ile yangu. Ndugu yangu ananisaidia, kila nikikosea ananikatiza. Ametaka nianze siku tatu kabla ya ajali, maana anasema mambo huanzia hapo. Mpaka sasa nimeandika kurasa nne, na mvua bado inanyesha.